Ukurasa wa kwanza wa Google si fatwa

Siku hizi mtoto anayetaka kujua maana ya jihadi, au kijana anayejiuliza hukumu ya kununua pikipiki kwa mkopo wa benki, mara nyingi swali lake halimfikii baba, wala ustadhi wa madrasa, wala sheikh wa msikiti wa mtaani. Linaandikwa kwenye simu. Kufumba na kufumbua majibu yamejipanga, la kwanza, la pili, la tatu, na aghalabu muulizaji hasogei zaidi ya hapo. Kilichoandikwa juu kabisa ndicho kinachokuwa elimu yake.

Ni nani basi aliyeamua kipi kiwe juu na kipi kiwe chini? Na kwa nini ukurasa uliokuwa wa kwanza mwezi uliopita leo hauonekani? Tumeona inafaa kulieleza jambo hili katika kurasa za familia, kwa kuwa linagusa mambo mawili ambayo Muislamu hana budi kuyachunga: elimu anayoichukua na riziki anayoitafuta.

Viungo vilivyohesabiwa kuwa ushahidi

Kampuni ya Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Wazo lao lilikuwa jepesi kulielewa. Ukurasa wa mtandaoni ukiwekewa viungo na kurasa nyingine nyingi, yaani kurasa hizo zikiwaelekeza wasomaji wao huko, basi huenda una jambo la maana. Kila kiungo kilihesabiwa kuwa ni ushahidi, na ushahidi wa ukurasa ambao wenyewe unategemewa na wengi ukapewa uzito zaidi.

Aliyesoma walau kidogo elimu ya Hadithi atalitambua wazo hili, na ataona upungufu wake pia. Wanazuoni wetu hawakutosheka na kuhesabu wapokezi. Walimchunguza kila mmoja: uadilifu wake, hifadhi yake, alikutana na nani na alisikia nini. Ndipo ikasimama elimu ya jarh na taadili, ya kuwakosoa wapokezi na kuwathibitisha. Mashine haimjui mtu. Inachokijua ni alama anazoziacha mtandaoni, na alama zinaweza kughushiwa. Haukupita muda mrefu kabla watu hawajajua kutengeneza mashahidi wa uongo, kwa kuanzisha au kununua maelfu ya viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa mmoja.

Kanuni zinazoiongoza mashine katika kupanga kurasa huitwa algorithimu. Leo hazitazami viungo peke yake. Zinatazama maneno ya ukurasa, unavyosomeka kwenye simu, kasi ya kufunguka kwake, mahali alipo muulizaji na mambo mengine mengi. Wala hazikai mahali pamoja. Kampuni hiyo hufanya maelfu ya mabadiliko kila mwaka, mengi yakiwa madogo yasiyoonekana, na machache makubwa ambayo huitangulizia taarifa. Hayo makubwa yanapopita, tovuti nyingine hupanda na nyingine huporomoka usiku mmoja.

Uzito wa jambo hili unatokana na ukweli kwamba lango lenyewe karibu ni moja. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho mjini Washington alihukumu kuwa Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Hukumu hiyo ilieleza kuwa takriban asilimia 90 ya utafutaji wa aina hiyo nchini Marekani hupitia kwake.

Ngano iliyolowa chini

Mabadiliko ya mwanzo yaliyosababisha kilio kikubwa yalikuja Novemba 2003, yakapewa na wafanyabiashara jina la Florida. Maduka mengi madogo ya mtandaoni nchini Marekani yaliyotegemea kurudiarudia maneno ya kutafutia yalipoteza nafasi zao wiki chache kabla ya msimu wa mauzo ya mwisho wa mwaka.

Februari 2011 yakaja mabadiliko yaliyoitwa Panda. Haya yalilenga tovuti zilizochapisha makala kwa wingi ili zionekane na mashine, wala si ili zimnufaishe msomaji. Google ilisema yaligusa takriban asilimia 12 ya maulizo nchini Marekani. Mwezi huohuo gazeti la The New York Times liliandika kuwa duka kubwa la JCPenney lilikuwa limeshika nafasi ya kwanza katika bidhaa nyingi, kuanzia magauni hadi mazulia, likibebwa na maelfu ya viungo vilivyopandikizwa kwenye tovuti zisizohusiana nalo kabisa. Duka lilikana kuhusika, likavunja mkataba na kampuni iliyokuwa ikilifanyia kazi hiyo. Google ilipochukua hatua, katika utafutaji wa mabegi ya safari ya aina moja, duka hilo lilitoka nafasi ya kwanza hadi ya 71 kwa muda wa saa mbili tu.

Aprili 2012 mabadiliko ya Penguin yakaufanya msako huo wa viungo vya uongo kuwa kanuni ya jumla. Aprili 2015 kurasa zisizosomeka vizuri kwenye simu zikashushwa katika utafutaji wa simuni. Agosti 2018 tovuti za afya ndizo zilizotikisika zaidi, hasa zile zilizotoa ushauri wa tiba bila ya ujuzi unaothibitika. Machi 2024 kampuni ikaelekeza nguvu kwenye kurasa zinazozalishwa kwa makundi, nyingi zikiandikwa na mashine, na baadaye ikadai kuwa imepunguza maudhui duni katika matokeo yake kwa asilimia 45.

Tukiyatazama yote haya kwa pamoja, tunakumbuka tukio alilolipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye nafaka akajitetea kuwa ilinyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Tofauti ni kuwa mkono wa mashine huchelewa kufika chini ya lundo. Ilichukua miaka kuwashusha waliopanda kwa hila, na hata leo wapo ambao haijawafikia.

Jina letu lilipokuwa mikononi mwa wengine

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya wauza mabegi, yanatuhusu nini? Desemba 2016 mwandishi Carole Cadwalladr wa gazeti la The Observer la Uingereza alieleza kuwa alipoanza kuandika kwenye Google swali la Kiingereza kuhusu Waislamu, mashine ilimkamilishia kwa kuuliza iwapo Waislamu ni wabaya. Alipolifungua swali hilo, ukurasa wa juu kabisa na nyingi zilizoufuata zilijibu kuwa ndivyo. Aliyakuta ya namna hiyo katika maswali kuhusu Mayahudi na kuhusu wanawake.

Katika miaka hiyohiyo, aliyetafuta kwa Kiingereza maana ya jihadi, sharia au taqiya alikutana kwenye ukurasa wa kwanza na maandishi ya vikundi ambavyo shughuli yao ni kuutia Uislamu doa. Tumfikirie mwanafunzi wa sekondari, Muislamu au asiye Muislamu, aliyepewa kazi ya nyumbani kuandika kuhusu dini hii. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa adui wa dini yenyewe, wala mwanafunzi hakujua.

Imam Omar Suleiman wa Dallas, Marekani, muasisi wa taasisi ya utafiti ya Yaqeen, alikuwa miongoni mwa waliolipazia sauti jambo hilo. Aprili 2017 Ben Gomes, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa utafutaji katika Google, alitangaza kuwa takriban robo ya asilimia moja ya maulizo ya kila siku yalikuwa yakileta maudhui ya kuudhi au yenye kupotosha. Alieleza kuwa kanuni zimerekebishwa, pamoja na mwongozo wa watu wanaoajiriwa kukagua ubora wa matokeo. Kufikia katikati ya mwaka huo ikaripotiwa kuwa anayetafuta maneno yale matatu sasa alikuta, kwa sehemu kubwa, maelezo yenye kuheshimika.

Tukio hili lina mafunzo mawili. La kwanza ni kuwa uongo haukuhitaji kuwa kweli ili uwe wa kwanza. Ulihitaji kuandikwa kwa wingi, kuungwa mkono na wenzake, na kutumia maneno yaleyale watu wanayoyauliza. La pili ni zito zaidi kwetu. Kanuni zilipobadilika, mashine haikutunga ukweli mpya. Iliyainua yaliyokuwa yameshaandikwa. Lau wasomi wa Kiislamu na wengine waadilifu wasingekuwa wameandika maelezo mazuri, mabadiliko yale yasingekuwa na cha kupandisha.

Na Kiswahili chetu je?

Sasa tujitazame sisi tusomao na kuuliza kwa Kiswahili. Mashine ya kutafutia haina desturi ya kunyamaza. Ikiulizwa, huleta walicho nacho watu, na palipo na kurasa chache, hata ukurasa dhaifu hushika nafasi ya kwanza kwa kukosa mshindani. Kwa hiyo anayeuliza kwa Kiswahili hukumu ya eda, au mgawanyo wa mirathi, au namna ya kumswalia maiti, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupokea jibu lisilo na mwenyewe.

Wala si kwamba elimu haipo. Mwambao huu umejaa elimu. Tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilikamilika kuchapwa mwaka 1969, na ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ikatoka mwaka 1995. Katika misikiti ya Unguja, Mombasa, Lamu, Tanga na Dar es Salaam darsa husomeshwa takriban kila siku. Lakini sehemu kubwa ya elimu hiyo imo vifuani mwa masheikh, katika vitabu vilivyo rafuni, na katika sauti zilizorekodiwa. Mashine kwa sehemu kubwa husoma maandishi. Darsa la saa nzima lililopewa jina la "Darsa la Ijumaa, sehemu ya nne" haliwezi kumfikia mama anayeuliza saa nne za usiku iwapo anayenyonyesha anaruhusiwa kufungua, ingawa jibu lake limo humo ndani.

Tunazishauri kamati za misikiti na madrasa zenye tovuti zifanye jambo dogo. Kila darsa litolewe muhtasari wa maandishi, kichwa chake kiwe ni lile swali lenyewe kama watu wanavyoliuliza, kisha litajwe jina la sheikh, mahali alipotoa darsa, tarehe, na kitabu alichokitegemea. Mwongozo wa Google kwa wakaguzi wake huwataka watazame uzoefu wa mwandishi, ujuzi wake, hadhi yake katika fani, na juu ya yote uaminifu wa ukurasa. Sisi tulikuwa na desturi hiyo kabla ya kompyuta. Kumtaja uliyemsikia na kitabu ulichokisoma ni adabu ya mwanafunzi wa dini tangu siku yake ya kwanza chuoni.

Kwa wenye biashara

Zipo familia ambazo chakula cha nyumbani kinatoka katika tovuti: wauza mabaibui na kanzu, wapishi wa harusi, wenye nyumba za wageni, mawakala wa Hijja na Umra. Kwao mabadiliko ya algorithimu ni kama kuhamishwa kwa stendi ya mabasi iliyokuwa mbele ya duka. Duka ni lilelile, bidhaa ni zilezile, lakini wapita njia hawapo tena.

Ikitokea hivyo, jambo la kwanza ni kutulia. Google yenyewe hueleza kuwa ukurasa kushuka baada ya mabadiliko makubwa si lazima uwe na kosa. Huenda wengine wamepimwa upya wakaonekana wanafaa zaidi. Yafaa kusubiri mabadiliko yamalizike, kisha kuzipitia kurasa zilizoshuka kwa jicho la mnunuzi. Je, bei imeandikwa? Picha ni za bidhaa yako kweli, au zimechukuliwa kwa wengine? Namba ya simu inapatikana? Ukurasa unafunguka kwenye simu ya bei nafuu yenye mtandao hafifu? Marekebisho hayo ndiyo yenye kudumu, ingawa matunda yake huweza kuchukua miezi.

Jambo la pili ni kujihadhari na wanaoahidi kukuweka nafasi ya kwanza kwa wiki moja. Google husema wazi kuwa hakuna anayeweza kuithibitisha nafasi hiyo. Aghalabu anachokiuza mtu huyo ni viungo vya kununua na sifa za wateja wasiokuwapo. Muislamu alitazame hili kwa jicho la dini kabla ya jicho la biashara. Sifa iliyoandikwa na mtu asiyewahi kununua ni ushahidi wa uongo, na Mtume (s.a.w.) ameuhesabu ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa kabisa. Riziki iliyojengwa juu yake haina baraka, na kama ilivyodhihirika katika habari ya duka lile la Marekani, haina hata uhakika wa kidunia.

La tatu, usifunge mashua yako kwa kamba moja. Wateja uliowahudumia vyema, namba zao ulizozihifadhi kwa ridhaa yao, na jina jema mtaani havibadilishwi na algorithimu yoyote.

Nyumbani tufanye nini?

Katika Sura Al-Hujurat, aya ya 6, Allah (s.w.) anawaamrisha waumini kuihakikisha habari anapowajia nayo mtu fasiki, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Amri hiyo haikumtoa mwenye simu. Tunapendekeza kila mzazi awafundishe watoto wake haya:

Mosi, watofautishe tangazo na jibu. Kurasa za juu kabisa mara nyingine zimelipiwa, na huwekewa alama ndogo ya kuonyesha kuwa ni tangazo. Mtoto aoneshwe alama hiyo kwa kidole hadi aizoee.

Pili, kabla ya kuuliza ukurasa unasema nini, waulize ni nani anayesema. Jina lipo? Amesoma wapi? Amelitoa wapi analolisema? Ukurasa wa dini usio na jina la mwandishi wala kitabu tuuchukulie kama tunavyoichukulia kauli isiyo na mpokezi. Hatuupokei, hata ukiwa wa kwanza.

Tatu, wasitosheke na jibu lililofupishwa na akili mnemba juu ya ukurasa. Google ilipoanza kuwapa watu wote wa Marekani majibu ya namna hiyo Mei 2024, hazikupita siku nyingi kabla hayajamshauri mtu kutia gundi kwenye piza. Ushauri huo ulitokana na mzaha wa miaka mingi nyuma wa mtu asiyejulikana. Tukacheka. Lakini mashine iliyoshindwa kuutenga mzaha na mapishi tutaiaminije itutenganishie Hadithi sahihi na ya kuzua?

Nne, wazazi watafute pamoja na watoto. Wachukue neno moja, tuseme "sharia", wafungue kurasa tatu tofauti na kulinganisha. Baada ya miezi miwili au mitatu warudie neno hilohilo. Wataona kwa macho yao kuwa mpangilio umebadilika ilhali dini haikubadilika, na mtoto atafahamu kuwa nafasi ya kwanza ni cheo cha muda alichokitoa mwenye mashine.

Tano, yapo mambo ambayo mwisho wake si simu. Talaka, mirathi na ugomvi wa ndoa vipelekwe kwa sheikh au kadhi, ambaye atasikiliza pande zote mbili, jambo ambalo hakuna ukurasa uliowahi kulifanya. Ugonjwa upelekwe kwa daktari. Wakala wa Hijja, hata akiwa wa kwanza katika kila utafutaji, asilipwe kabla ya taasisi inayosimamia mahujaji katika nchi husika kuthibitisha kuwa anatambulika. Wapo walioweka akiba ya miaka ishirini kwa ajili ya safari hiyo. Haifai akiba hiyo ikabidhiwe kwa mtu ambaye sifa yake pekee ni kuwa juu.

Hatuwaiti wasomaji wetu kuitupa simu. Kwa simu hiyohiyo binti aliye kijijini anaweza kuisikiliza darsa ya sheikh ambaye asingemfikia maisha yake yote. Tunachokitaka ni kila kitu kiwekwe mahali pake. Mashine inajua kutafuta na kupanga. Kupima ni kazi ya mwenye akili, na kuandika yaliyo kweli ili yapatikane ni amana ya mwenye elimu. Tukiiacha kazi hiyo, wengine wataifanya kwa jina letu, kama walivyowahi kufanya.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na awalinde watoto wetu na kila neno lililopambwa juu likawa limeoza chini. Amin.